Maswali yenu: begi la kupandia mlima mrefu

Mmeniuliza mengi kuhusu kufungasha. Nimechagua yale yanayorudi mara kwa mara, na yale ambayo jibu likikosewa mtu anaumia.

Habari dada. Mwezi ujao napanda mlima wa zaidi ya mita 5,000. Nimenunua jaketi moja nene sana. Linatosha kwa baridi?

Peke yake halitoshi, na afadhali ulijue hilo ukiwa bado nyumbani. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Penye nyuzi 25 usawa wa bahari, mita 5,000 juu yake unakuta nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, na hapo upepo bado haujavuma. Lakini kinachowaangusha wengi ni jasho. Ukipanda na jaketi nene, nusu saa haiishi mgongo umelowa. Ukilivua, upepo unakukuta na jasho lako. Ukisimama kunywa maji, unaanza kutetemeka.

Kwa hiyo vaa nguo za kupandishana. Ngozini weka fulana ya mikono mirefu ya sufu nyembamba au polista. Juu yake sweta la flizi, kisha jaketi jepesi lenye kofia, lisilopitisha upepo wala mvua. Lile nene lako likae juu kabisa ndani ya begi, ulitoe kila unaposimama, unapofika kambini, na usiku wa kwenda kileleni. Anza mwendo ukisikia kibaridi kidogo. Dakika kumi hazifiki utakuwa sawa.

Nguo za pamba ziache, pamoja na soksi na chupi. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Niliwahi kulala hema moja na mwenzangu aliyekuja na fulana za pamba tupu. Jioni alianika moja kwenye kamba ya hema. Alfajiri aliichukua imekakamaa kama ubao, mikono imetanuka pande zote mbili, na iliyobaki begini ilikuwa na unyevu wa jana. Nilimpa ya kwangu ya kulalia. Tangu siku hiyo nina sheria moja ambayo siivunji: seti moja kamili ya nguo kavu, fulana, suruali ya ndani na soksi, inafungwa kwenye mfuko wa plastiki na haivaliwi kutembea hata iweje. Hiyo ni ya kulalia tu. Kama utasahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo lishike.

Begi la kulalia nililoazimwa lina lebo yenye namba mbili za baridi. Niamini ipi?

Amini ile yenye joto zaidi, yaani namba ya kulala kwa raha. Ile nyingine ni ya mwisho wa uvumilivu: mtu aliyejikunyata ataweza kupitisha usiku, lakini usimuulize alilalaje. Ukiwa mwepesi wa kusikia baridi, chukua begi ambalo namba yake hiyo ya raha iko nyuzi tano hivi chini ya baridi unayoitarajia.

Halafu angalia mkeka wa chini, ambao watu huusahau. Manyoya ya bata yaliyojazwa ndani ya begi la kulalia yakilaliwa hubanwa, na yakibanwa hayashiki joto tena, kwa hiyo ubavu wako unakuwa kama uko ardhini. Mkeka mzuri unakusaidia kuliko jaketi la pili. Usijifunike uso na kupumulia ndani, kwa sababu pumzi inalowesha manyoya. Vaa kofia, toa pua nje.

Mwanangu, nina miaka 61 na natumia dawa za presha. Nibebe dawa gani ya ugonjwa wa mwinuko?

Shikamoo mama. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako wiki kadhaa kabla ya safari, ukiwa na orodha ya kila unachomeza. Dawa inayotolewa mara nyingi ni asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inausaidia mwili kuzoea hewa ya juu haraka zaidi, ila inakojoza na kuwasha ncha za vidole. Mwenye mzio wa dawa za salfa au matatizo ya figo lazima aseme mapema. Dawa za usingizi ziache nyumbani, maana zinapunguza upumuaji pale unapouhitaji zaidi.

Ila mama, dawa kubwa ni siku. Oksijeni hewani ni ile ile asilimia 21, lakini mita 5,500 juu mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi inaleta nusu. Mwili unazoea ukipewa muda. Ukishapita mita 3,000, usiku unaofuata usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana, na kila siku tatu au nne pumzika siku nzima. Ratiba inayokukimbiza ikatae, hata kama wenzako wameikubali.

Dawa zako za presha zigawe mafungu mawili kwenye mabegi mawili. Andika karatasi yenye majina na vipimo vyake, iweke mfuko wa jaketi, na mwambie unayelala naye hema iko wapi. Mwambie pia hivi: ukiniona napepesuka kama mlevi, nachanganya maneno, au nahema nikiwa nimekaa, unishushe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kumeza vidonge vya maumivu ili uendelee kupanda na kichwa kinachozidi kuuma ni kucheza na uhai.

Safari iliyopita maji yangu yaliganda usiku wa kileleni. Nifanyeje?

Mrija wa mfuko wa maji ndio huganda kwanza, kwa hiyo usiutegemee usiku huo. Beba chupa ngumu zenye mdomo mpana, zijaze maji ya moto, zivalishe soksi nene na uzisimamishe kichwa chini begini. Barafu huanza juu, hivyo itashika kwenye kitako na mdomo utafunguka. Chupa moja ilale nawe. Itakupasha miguu, mradi umeikaza kifuniko. Simu, betri za tochi ya kichwani na lenzi za machoni, kama unatumia, navyo vilale nawe. Baridi inazifanya betri zionekane zimekwisha kabla ya wakati.

Buti mpya nizianze siku ya safari ili zisichakae?

Hapana, tafadhali. Zitembelee wiki kadhaa, pamoja na kushuka vilima. Kata kucha fupi. Ukisikia moto kisiginoni simama hapo hapo ubandike plasta, maana lengelenge huanza na joto. Ukisafiri kwa ndege zivae mguuni: begi likipotea vingine vyote utaazima, buti iliyozoea mguu wako huipati. Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndege nzima, na betri ya akiba inakaa nawe kwenye kiti.

Miwani ya jua ni lazima? Mimi sipendi kuvaa miwani.

Ni lazima. Theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na macho yakiungua yanasikia kama yamejaa mchanga. Mtu anaweza kukaa siku nzima hawezi kuyafumbua. Losheni nayo paka hadi chini ya pua na kidevu.

Jozi mbili za glavu si nyingi?

Ni chache. Nabeba tatu: nyembamba za kufungia zipu, nene za vidole vilivyounganishwa, ambazo zina joto kuliko za vidole vitano, na moja ya akiba ndani ya ule mfuko wa nguo kavu. Zile nene zishonee kamba ipite mikononi mwa jaketi kama za mtoto mdogo. Nimeona moja ikipeperushwa ukingoni mwenye nayo akifunga tu kamba ya buti. Ilimchukua sekunde mbili kuipoteza, na saa nne za kushuka akiwa ameutia mkono kwapani.