Huduma ya wingu ni huria, mbona kuhama ni kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni yetu ina miaka sita ikihifadhi kumbukumbu zake zote kwenye huduma ya wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine tunazozifikia kwa mtandao. Sasa tunataka kuhama, lakini fundi wetu anasema tutalazimika kuandika upya karibu nusu ya programu, ilhali matangazo yote yanadai kwamba huduma hizi ni huria na zinafuata viwango. Ukweli ni upi, na mambo yanaelekea wapi?

JIBU: Fundi wenu amesema kweli, na matangazo nayo hayajasema uongo mtupu. Programu yaweza kuwa huria, msimbo wake ukasomwa na yeyote atakaye, na bado huduma iliyojengwa juu yake ikawa rahisi kuingia na ngumu kutoka.

Sehemu moja imekwisha kutengemaa. Tangu mwaka 2015, muundo wa kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji, umekuwa chini ya Open Container Initiative, mradi wa pamoja wa kutunga viwango vya kontena, na Kubernetes, programu ya kuendesha kontena nyingi kwa pamoja iliyotolewa na Google mwaka 2014, inapatikana leo kwa watoa huduma wakubwa wote. Uhifadhi wa faili nao una kiwango chake, ingawa hakuna kamati iliyokaa kukitunga: namna ya kuwasiliana na S3, huduma ambayo Amazon iliizindua mwaka 2006, imeigwa na washindani wengi hata ikawa desturi. (Desturi hiyo ina kasoro: mwenye uwezo wa kuibadilisha ni mmoja.)

Nashuku kinachowafunga ninyi ni hifadhidata na ruhusa. Ikiwa hifadhidata yenu ni PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, amri moja ya pg_dump huzitoa data zote, nanyi mkazirejesha kwenye seva nyingine yenye programu hiyo. Lakini ikiwa ni ile ambayo mtoa huduma wenu ameibuni mwenyewe na haiuzwi kwingine, hapo ndipo penye kuandika upya. Ruhusa, yaani nani asome faili ipi na nani aifute, kila mtoa huduma huziandika kwa mtindo wake, na sioni dalili ya kukubaliana hivi karibuni.

Msukumo mpya unatoka kwenye sheria. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inamtaka mtoa huduma amwezeshe mteja kuhama, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 inapiga marufuku ada za kuhama. Google, Amazon na Microsoft zilikwisha kutangaza mwaka 2024 kuwafutia wateja wanaoondoka ada ya kutoa data. Ni hatua njema, ila kwa maoni yangu ada haikuwa mzigo mkubwa kuliko mishahara ya wanaoandika upya.

Msianze na programu nzima. Chukueni nakala ya hifadhidata moja ndogo, iwasheni kwenye seva isiyo ya mtoa huduma wenu, kisha mwandike kila kitakachogoma, kwani orodha hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama ni nusu ya programu kweli au ni robo tu.