Maswali ya Wasomaji: DSLR, au kamera isiyo na kioo?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwenye pesa ya bodi moja (kamera bila lenzi) ya fulu fremu, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya 35mm, achukue DSLR, ile yenye kioo kinachoinuka unapobonyeza, au ile isiyo na kioo? Tumechagua tano.

Niuze lenzi zangu nihamie Sony?

*Ndugu wahariri, napiga picha za harusi na sendofu. Nina Canon 5D Mark III, lenzi za EF 24-70mm f/2.8, 70-200mm f/2.8 na 50mm f/1.8, pamoja na flashi mbili. Wenzangu wamehamia Sony A7 III na wananiambia DSLR imepitwa na wakati, niuze kila kitu. Mnanishauri nini?* (Mpiga picha, Morogoro)

Usiuze lenzi, ndugu yetu. Bodi hushuka bei upesi, lakini lenzi nzuri ya f/2.8 (inayopitisha mwanga mwingi) utakaa nayo miaka. Ukiiuza kwa haraka utapunjwa, kisha utaitafuta ya aina hiyohiyo kwa Sony kwa bei inayouma. Zipo adapta za kuvalisha lenzi za EF (za DSLR za Canon) kwenye Sony, mfano MC-11 ya Sigma, ila ubora wa fokasi hutegemea lenzi, na kwenye video nyingi husuasua.

Njia yako iko ndani ya Canon yenyewe. Kwenye DSLR za Canon, kutoka mdomo wa bodi unapovalishwa lenzi hadi kihisi cha picha ni milimita 44, maana kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka. Kwenye bodi za R, zile za Canon zisizo na kioo, ni milimita 20. Adapta ya EF-EOS R huziba tu ile tofauti ya milimita 24. Ni pete tupu yenye miguso ya umeme, hakuna lenzi ndani yake, kwa hiyo haipunguzi mwanga wala ukali wa picha. Lenzi zako tatu zitafokasi kama kawaida, na kwa kazi ya watu zitafokasi vizuri zaidi.

Sababu ni hii. DSLR hufokasi kwa kihisi kingine kilicho chini ya kioo. Vipimo vikipishana kidogo tu na kihisi cha picha, ukali huangukia sikioni badala ya jichoni, hasa ukiwa na 50mm kwenye f/1.8. Halafu nukta 61 za 5D Mark III zimekusanyika katikati. Maharusi wakiwa pembeni mwa fremu inabidi ufokasi kwanza, ndipo usogeze kamera, na katika kusogeza huko ukali hupotea. Isiyo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe cha picha na hulifuata jicho hadi karibu na ukingo wa fremu.

Bodi ipi? R6 ya 2020 au R6 Mark II ya 2022. EOS R, RP na R8 ni nafuu, lakini zote zina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa baada ya keki kukatwa, hakuna wa kukurudishia ukumbi na wageni. Kama pesa haifiki R6, msimamo wetu ni kwamba kwa harusi ya kulipwa 5D Mark III yenye kadi mbili ni bora kuliko RP, hata kama RP ni mpya zaidi na inafokasi vizuri zaidi.

Ukibaki na uliyonayo, fanya mambo mawili. Kwanza, weka RAW (faili ghafi la kihisi) kwenye kadi ya CF na JPEG kwenye SD. Nafasi ya SD ya kamera hiyo ni ya kasi ndogo, na ukiandika RAW pande zote mbili kamera itakwama katikati ya kuingia kwa maharusi. Pili, sahihisha fokasi ya kila lenzi. Kamera ikiwa kwenye stendi, simamisha kitu bapa chenye alama, na pembeni yake laza rula kwa mshazari. Umbali uwe kama mara 50 ya urefu wa lenzi, yaani mita 2.5 kwa 50mm. Fungua lenzi hadi mwisho, tumia nukta ya katikati, piga picha tano au sita, na kila mara vuruga fokasi kabla ya kufokasi upya. Ukali ukiwa mbele ya alama, ongeza upande wa kujumlisha kwenye menyu ya AFMA (ya kusahihisha fokasi). Ukiwa nyuma, nenda upande wa kutoa.

Ukihamia R6, bajeti isiishie kwenye bodi. Betri zako za LP-E6 zitaingia, lakini haziwezi kuchajiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB, na kasi ya juu kabisa ya kupiga mfululizo itashuka. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera cha Japani, 5D Mark III hupata picha 950 kwa chaji moja. R6 ni kati ya 250 na 510 kulingana na mipangilio. Betri nne zitakutosha kuanzia kanisani hadi ukumbini. Flashi zako zitafanya kazi, isipokuwa ile taa yao nyekundu ya kusaidia fokasi gizani, ambayo haitawaka.

D750 au RP kwa anayeanza?

*Naanza bila kitu. Nimeoneshwa Nikon D750 na Canon RP, zote zimetumika, bei zinakaribiana. Ipi?* (Msomaji, Kisumu)

Kama utalipwa kwa harusi, D750. Ina nafasi mbili za SD, na betri moja hutoa picha 1,230 kwa kipimo cha CIPA, wakati RP hutoa 250. Kipimo hicho ni kikali na wengi hupata zaidi, ila uwiano haubadiliki, kwa hiyo kwenye bei ya RP jumlisha betri tatu. Kama kazi yako ni picha za watu na bidhaa, ambazo unaweza kuzirudia, RP itakupa raha zaidi. Ina gramu 485 ikiwa na betri na kadi, dhidi ya 840 za D750. Fokasi ya jicho ni nyepesi. Na kitazamio kinakuonesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Hilo si dogo pale bibi harusi mwenye shela jeupe anaposimama kando ya suti nyeusi, kwa sababu hapo kipimo cha mwanga cha kamera yoyote huchanganyikiwa. Kwa video hatuisifii hata moja. D750 haina 4K, na fokasi yake wakati wa kurekodi ni ya kutapatapa. RP inayo 4K, lakini hukata fremu sana na kuacha mfumo wake mzuri wa fokasi, kwa hiyo rekodi HD.

Kuna mtego kwenye lenzi za Nikon. D750 ina mota ya kuzungusha lenzi za zamani zenye herufi D, kama 50mm f/1.8D na 80-200mm f/2.8D, na bei zake zinavutia. Siku utakapohamia bodi za Z, zile za Nikon zisizo na kioo, adapta zake za FTZ hazina mota hiyo, na lenzi hizo zitageuka za kufokasi kwa mkono. Ongeza kidogo uchukue za AF-S (zenye mota yao ndani), mfano 50mm f/1.8G au 85mm f/1.8G. Pia usidanganyike na lenzi ya DX 18-55mm (ya kamera zenye kihisi kidogo) anayokupa muuzaji kama nyongeza. Ukiivalisha D750, kamera hukata fremu na kukuachia kama megapikseli 10 kati ya 24.

Kabla ya kutoa pesa, piga JPEG moja, itoe moja kwa moja kwenye kadi, uifungue kwa programu ya ExifTool na usome idadi ya mipigo ya shata (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya kihisi). Usikubali kutumiwa hiyo picha kwa WhatsApp, maana taarifa hizo hufutwa njiani. Shata ya D750 ilipimwa kwa mipigo 150,000. Iliyofika 120,000 bado inafaa kwa kazi, lakini bei ishuke. Kwenye RP idadi haiandikwi ndani ya picha. Inabidi waya na programu maalumu. Kisha piga anga jeupe kwa f/16 ukitafuta vidoa: vumbi husogea au kuondoka kwa kupulizwa, mkwaruzo haubanduki. Piga tena kwa 1/4000. Upande mmoja ukitoka na kivuli, shata imechoka. Kwa D750 kipimo hiki ni cha lazima, kwa sababu mwaka 2015 Nikon yenyewe ilitangaza kuwa baadhi yake zina shata yenye kasoro hiyo na ikazitengeneza bure. Jaribu nafasi zote mbili za kadi, valisha flashi juu, na kunjua skrini mara kadhaa ukiangalia kama inazimika.

Vipuri vya DSLR vitapatikana?

*Nikichukua 5D Mark IV leo, miaka mitano ijayo nitapata wa kuitengeneza?* (Msomaji, Nairobi)

Canon na Nikon hawajatoa bodi mpya ya DSLR ya fulu fremu tangu 2020, mwaka wa 1D X Mark III, D6 na D780. Lakini zilizouzwa kabla ya hapo ni nyingi, na fundi mzuri hutoa shata au kioo kwenye bodi iliyokufa. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mtu kununua lenzi mpya ya EF kwa bei kamili ya dukani. Nunua iliyotumika.

Mistari ukumbini, giza studio

*Nimetoka DSLR nikaingia Sony A7 III. Ukumbini picha zina mistari myeusi, na studio kitazamio ni giza tupu ingawa picha zinatoka vizuri. Ni mbovu?* (Dada mpiga picha, Dar es Salaam)

Kamera yako ni nzima, dada. Umewasha hali ya kimya, yaani shata ya kielektroniki. Hiyo husoma kihisi mstari kwa mstari, wakati taa zinazotumia umeme wetu wa 50 Hz hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mistari mingine ya picha husomwa taa ikiwa imewaka, mingine ikiwa imefifia. Zima hali ya kimya, ambayo pia huzuia flashi kuwaka, kisha tumia 1/100 au 1/50 na uwashe kipengele cha kupunguza mpepeso. Kwa video rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Taa za LED za jukwaani zina mpepeso wake usiofuata umeme wa ukutani, kwa hiyo fika mapema, mwombe fundi wa taa aziwashe, na ujaribu kasi mojamoja huku ukikuza picha kwenye skrini.

Studio, kitazamio kinakuonesha matokeo ya f/8, 1/160 na ISO 100 bila kujua kuwa flashi itawaka. Ingia menyu ya Live View Display, chagua Setting Effect OFF. Ukitoka nje irudishe, vinginevyo utapoteza faida kubwa ya kamera hiyo.

Na kwa kuwa unafanya kazi kumbini: jihadhari na leza za disko. Kwenye DSLR kioo hukinga kihisi hadi unapobonyeza. Kwenye yako kihisi kiko wazi muda wote kamera ikiwa imewaka, na mwale mmoja ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuacha mstari wa kudumu. Leza zikianza, elekeza kamera kwingine au vaa kifuniko cha lenzi.

Chumvi na vumbi la Pwani

*Ipi huvumilia zaidi hali ya hewa ya Pwani?* (Msomaji, Tanga)

Kwa unyevu na kuvu hazitofautiani; kuvu hukaa kwenye lenzi. Hifadhi lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, lenye silika jeli na kipima unyevu, kisome asilimia 40 hadi 50. Silika ya rangi ya chungwa ikibadilika kuwa kijani, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hivi kwa saa moja au mbili. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ama sivyo mvuke utaganda juu ya lenzi na ndani ya bodi.

Kwa vumbi, isiyo na kioo inahitaji uangalifu zaidi. EOS R hufunga shata unapoizima ili kukinga kihisi. RP na A7 III hazifanyi hivyo. Zima kamera, geuka uupe upepo mgongo, inamisha mdomo wa bodi chini, na lenzi inayofuata iwe tayari mkononi kabla hujatoa ya kwanza. Ukitoka ufukweni, futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, ukianzia kwenye vitufe na pete ya lenzi, ambako chumvi huganda kwanza.