Kusuka nyaya upya: hela inakokwenda na fundi wa kumkabidhi nyumba

Mwenye nyumba ya zamani, awe Iringa, Mbeya au Tukuyu, akimwita fundi swali lake la kwanza ni bei. Fundi anayetaja bei kabla hajapanda darini anabahatisha, na kubahatisha kwake utakulipia wewe. Idadi ya vyumba si kipimo. Kinachoamua gharama kwanza ni kitu kilichofichwa ukutani: nyaya za zamani zimepita ndani ya bomba, au zilizikwa kwenye plasta hivi hivi?

Kujua hilo hakuhitaji mtaalamu. Zima meinswichi, pima kwa mita kuwa waya hauna moto, kisha fungua swichi moja ukutani. Mmoja ashike waya pale chini, mwingine awe darini juu ya swichi hiyo. Mkivuta na waya ukatembea, bomba lipo na liko wazi. Waya huo wa zamani ndio utakaotumika kuvutia mpya. Usipotembea, ama bomba limezibwa na saruji ama halipo kabisa. Hapo ongeza kutindua ukuta, kupiga plasta upya na rangi, na hivyo vitatu vinaweza kuzidi ufundi wa umeme wenyewe. Jaribuni sehemu nne au tano, hasa vyumba vilivyoongezwa baadaye, kwa sababu mara nyingi vilisukwa na fundi mwingine mwenye haraka zake.

Ukuta wa tofali za kuchoma, ambao ndio mwingi huku kwetu, usitinduliwe kwa tindo peke yake. Tofali hupasuka na kung'oka vipande vikubwa. Mistari miwili ikatwe kwanza kwa grainda, ndipo tindo itoe katikati.

Kuna nyumba ambazo hazihitaji kusukwa upya. Breka inayoruka kila mara inaweza kuwa na tatizo la kifaa kimoja tu. Soketi moja inayopata moto huenda imelegea skrubu. Lakini ukifungua swichi ukakuta ganda la waya linakatika kama biskuti, au nyumba nzima ina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, bila ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), usipoteze hela kubadili soketi na taa. Kadhalika ubao wa fyuzi za zamani, zile za kufungia waya mwembamba: siku fyuzi ilipokatika na duka likawa limefungwa, kuna mtu alifunga uzi mnene wa shaba, na tangu hapo fyuzi hiyo haikingi kitu.

Hesabu ya vifaa

Chukua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, bafu mbili na baraza. Tuseme ina taa 14 pamoja na za nje, swichi 12, soketi pacha 13, jiko la umeme moja na shawa ya maji moto moja.

Taa zinasukwa kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, breka ya ampea 6 au 10. Kuunganisha taa hadi taa kunakula takriban mita 100 kwa kila rangi: nyekundu ya moto, nyeusi ya nyutro inayorudisha umeme, na kijani ya ethi. Ila kila swichi hushuka na nyaya mbili, moja ya kupeleka moto na nyingine ya kuurudisha kwenye taa, na kwa swichi 12 hizo ni kama mita 120 za ziada, zote nyekundu. Kwa hiyo nyekundu itakaribia rola mbili na robo wakati nyeusi na kijani ni rola moja moja. Ukiletewa orodha yenye rola tatu za kila rangi kwa ajili ya taa, aliyeiandika hakuhesabu. Amenakili ya nyumba nyingine.

Soketi ni waya wa 2.5. Zigawe saketi mbili, yaani njia mbili za nyaya zinazojitegemea, kila moja na breka ya ampea 20, jiko likiwa upande wake ili birika na jiko la presha visigombanie na sebule. Kwa soketi 13, kushuka na kupanda ukutani kukiwemo, ni karibu mita 150 kwa kila rangi, nyekundu, nyeusi na kijani. Jiko la sahani nne lenye oveni lina waya wake wa 6 na breka ya ampea 32. Kutoka kwenye mita hadi meinswichi weka waya wa 16.

Beba orodha yako mwenyewe, pita maduka matatu ya Mwanjelwa kule Mbeya au Mashine Tatu kule Iringa, kila duka likuandikie bei kwenye karatasi. Ndipo utakapojua vifaa ni shilingi ngapi wiki hiyo, maana shaba hupanda na kushuka na bei uliyoisikia kwa jirani mwaka jana haina kazi.

Waya feki ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu ukishapakwa plasta hauonekani tena. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni alumini iliyopakwa shaba juu: ukikwaruza uzi wake kwa wembe, ndani ni mweupe. Ya pili ni shaba halali lakini nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Hiyo macho hayaioni, mizani inaiona. Mita 100 za waya wa 2.5 zina shaba ya kilo 2.2 peke yake, kabla ya ganda, za 1.5 zina kilo 1.3. Rola ya 2.5 ambayo yote, na ganda lake, haifiki kilo 2.2, muachie mwenye duka. Mwenye mita ya kupima omu, yaani ukinzani wa waya, na apime ncha hadi ncha: mita 100 za 2.5 zisizidi omu 0.74, na za 1.5 zisizidi omu 1.21. Nembo ya TBS itazame, ila usiishie hapo, maana anayeghushi waya hashindwi kughushi nembo.

Shawa ya moto

Baridi ya Juni na Julai imeingiza shawa za umeme katika nyumba ambazo hazikusukwa kwa ajili yake. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Fundi wa haraka anaiunganisha kwenye waya wa soketi wa 2.5. Breka ya ampea 20 inaruka katikati ya kuoga, watu wanalalamika, naye anakuja kuweka ya 32. Kuruka kumekwisha na wote wameridhika, ila sasa waya ndio kiungo dhaifu kuliko breka: unachemka ndani ya ukuta au juu ya dari, na dari zetu nyingi ni mbao kutoka Mafinga na Njombe. Shawa ipewe waya wake wa 6 kutoka meinswichi, breka ya ampea 32, swichi yake nje ya bafu, na ethi inayofanya kazi. Fundi akikuambia shawa "haina haja ya ethi", mshukuru na umsindikize hadi getini.

Ethi

Hapa ndipo fundi wa bei ndogo anapopatia faida yake. Swichi mbovu utaiona, taa iliyopinda utaiona. Ethi mbovu haizimi taa wala haizuii televisheni kuwaka. Nyumba inaweza kukaa miaka kumi bila ethi na hakuna atakayejua, mpaka siku mtu mwenye miguu iliyolowa atakapogusa friji lenye hitilafu.

Ardhi ya Nyanda za Juu Kusini haifanani. Iringa Mjini kuna mitaa ambayo ethi rodi, ile fimbo inayopigiliwa ardhini, inagonga jabali kabla haijazama nusu. Linalofanyika sana ni kuikata kwa msumeno, kufukia kipande kilichobaki na kufunga kisanduku juu yake. Ukiwapo wakati inapigwa utaliona. Usipokuwapo, kung'oa rodi iliyokwisha kufukiwa ni ugomvi. Kama jabali linazuia, hamisheni sehemu, ipigwe ya mshazari, au zipigwe rodi mbili tatu zilizounganishwa. Baina ya moja na nyingine nafasi isipungue urefu wa rodi yenyewe, kwa sababu zikibanana zinagombania udongo uleule. Kuna wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni. Kipimo kitapendeza siku hiyo. Mvua za Novemba hadi Aprili zitaisomba chumvi, na itakayobaki itaila rodi.

Hata rodi nzuri haitoshi bila kinga ya uvujaji, ile mafundi wanayoiita RCD, na sababu yake ni hesabu. Breka ya ampea 32 ya aina B, ili ikate papo hapo, inahitaji mkondo wa hadi ampea 160. Ili ampea 160 zipite ardhini kwa volti 230, njia nzima ya ethi isizidi omu 1.4, kipimo ambacho rodi ya nyumbani ni nadra kukifikia, sembuse kwenye mawe. RCD ya miliampea 30 haisubiri hayo yote. Inakata umeme unapovuja kidogo tu, hata ethi ikiwa na makumi ya omu. Nunua iliyoandikwa 30 mA. Ya 100 mA au 300 mA inasaidia kuzuia moto wa nyumba lakini si kinga ya mwili wa mtu.

RCD mpya kuruka siku ya kwanza ni jambo la kawaida kwenye nyumba iliyosukwa upya nusu. Mara nyingi nyutro ya saketi moja imeazimwa kutoka saketi nyingine, au nyutro inagusa ethi ndani ya boksi fulani la zamani. Dawa ni kutenganisha saketi moja moja hadi yenye kosa ipatikane, kazi ambayo inaweza kula siku nzima. Fundi asiye na subira anaikwepa RCD kwa kipande cha waya na kukuambia ni mbovu. Kabla hajaondoka bonyeza kitufe cha T: nyumba isipozima, RCD haifanyi kazi yake.

Fundi

Cheti cha VETA kinaonyesha kuwa amesoma. Ruhusa ya kufunga umeme ni leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, nayo ina daraja na tarehe ya kwisha. Omba kuiona, linganisha jina na kitambulisho chake, kisha soma daraja lake linaruhusu kazi gani. Mwenye shaka aulize ofisi ya EWURA ya kanda, iliyoko Mbeya. Kuna mchezo wa fundi asiye na leseni kugongewa muhuri na mwenye leseni ambaye hajawahi kuiona nyumba yako. Mwenye muhuri aje mwenyewe, walau siku ya vipimo.

Muulize ana mega. Ni kifaa kinachopima uzima wa ganda la waya kwa volti 500, na nyumba haiwezi kukabidhiwa bila hicho. Chini ya megaomu 1 saketi haifai. Waya mpya unatakiwa kutoa namba kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Anayetegemea testa ya bisibisi peke yake hawezi kukuambia lolote kuhusu ethi. Na mita ya LUKU ni mali ya TANESCO: fundi anayejitolea kukata lakiri ili abadilishe waya wa juu ya meinswichi anakuachia kesi. TANESCO waje wakate na kurudisha umeme.

Ufundi hulipwa kwa pointi, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwa wengine taa na swichi yake ni pointi moja. Kwa wengine ni mbili. Katika nyumba yetu ya mfano, hesabu ya kwanza inatoa pointi 29 na ya pili 41. Tuseme, kwa mfano tu, pointi ni shilingi 8,000: tofauti ni shilingi 96,000 kabla mtu hajashika bisibisi. Andikeni pointi ni nini, na andikeni kama kutindua, plasta, meinswichi na ethi vimo au havimo.

Kuhusu cha juu ambacho fundi hupewa na duka, kukikataza ni kujidanganya. Heri umlipe fundi vizuri, vifaa ununue mwenyewe naye akiwa pembeni kukagua, risiti ziandikwe jina lako. Malipo yagawe: sehemu ya kwanza mabomba na nyaya zikishapita na kabla ya plasta, ukiwa umepiga picha kila ukuta, ya pili swichi na soketi zikifungwa, na kama asilimia 20 ibaki mpaka vipimo vya mega na ethi viandikwe na kila breka ibandikwe jina la saketi yake. Kabla hujaitoa hiyo ya mwisho panda darini na tochi. Kiungo chochote kiwe ndani ya boksi na kimebanwa kwa konekta. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu, zikining'inia juu ya silingi bodi ambako panya wanapita, zifunguliwe mbele yako.

Kazi hii ipange Septemba au Oktoba kama unaweza. Plasta inakauka haraka, na ardhi iko kavu kuliko wakati wowote wa mwaka, kwa hiyo kipimo cha ethi cha wakati huo ndicho kibaya zaidi utakachokipata. Ikipita Oktoba, itapita masika. Ikipimwa Machi kwenye udongo uliolowa wa Rungwe, mrudishe fundi na mita yake kiangazi kinapokaribia kwisha.