Mwalimu Anajibu: Rangi, Herufi na Namba Mikononi mwa Mtoto

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha darasa la awali katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Nina watoto 62, ubao, na chati moja ya rangi iliyokwisha kupauka. Nikiwaonyesha chati wanaitikia vizuri kwa pamoja, lakini nikimwita mmoja na kumwambia aniletee kitu chekundu, anabaki amesimama. Wengi wao nyumbani wanazungumza Kigogo. Fedha za kununua vifaa hatuna. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kumwita mtoto mmoja mmoja, kwa sababu katika kuitikia kwa pamoja watoto wachache wanaojua huwabeba wote wasiojua, na mwalimu akadhani darasa zima limeelewa. Iweke chati kando kwa muda. Mtoto wa umri huu anaijua rangi akiwa ameshika kitu chenye rangi hiyo, akakigeuza na kukiweka pamoja na vinavyofanana nacho.

Anza na rangi moja tu, na usiogope kukaa nayo wiki nzima. Ningeanza na nyekundu, kisha nyeusi, kisha nyeupe, kwa kuwa hizo tatu ndizo zenye vivumishi vyake kamili katika Kiswahili, na vitu vyake vimejaa hapo mlipo. Tandika kanga chini, mwambie kila mtoto alete kitu chekundu kutoka nyumbani au uwanjani, na anapokiweka aseme sentensi nzima: nimeleta kizibo chekundu, nimeleta jiwe jekundu, nimeleta udongo mwekundu. Ukimzoesha kusema "nyekundu" peke yake kama ilivyoandikwa kwenye chati, siku akisikia "chekundu" atadhani ni neno jingine, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wengine wabaki wamesimama. Watoto wako wa Kigogo hawatapata shida kubwa hapo, kwa maana Kigogo nacho ni lugha ya Kibantu na wamekwisha kuzoea maneno kubadilika mwanzoni kufuatana na kitu kinachotajwa.

Wakishazijua rangi mbili, leta ungo. Changanya maharage mekundu na meupe, uwaache wachambue kama wanavyowaona mama zao wakifanya. Kwa watoto 62 usijaribu kuwasimamia wote kwa mara moja. Kaa na saba au wanane kwenye mkeka, wengine wakichora chini kwa vijiti, kisha mbadilishane.

Rangi zinazofuata zimebeba vitu ndani ya majina yake, na hilo ni jambo ambalo walimu wengi tunalipita bila kulitumia. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo tunachotia kwenye mchuzi, zambarau ni tunda. Mtoto aliyepaka majivu kwenye kiganja chake hahitaji kukaririshwa kijivu. (Zabibu zetu zilizoiva sana wazee huziita rangi ya damu ya mzee, na watoto hulipenda jina hilo mno.) Rangi za kuchorea mtengeneze wenyewe: mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochekechwa, manjano, na majani ya mchicha yaliyotwangwa, kila kimoja kikikorogwa katika uji mwepesi wa unga wa ngano ili kishike kwenye karatasi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki wa mti.

Jambo moja nakusihi ulisimamie mwenyewe. Watoto wakitumwa kuokota mbegu, wasilete mbegu za mbarika wala zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, kwa sababu zote mbili zina sumu kali, na uzuri wake ndio unaomvuta mtoto kuzitia mdomoni. Vitu vidogo kama vizibo na kokoto visiachwe karibu na watoto walio chini ya miaka 3.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na nusu na anahesabu hadi 50 bila kukosea. Juzi nilimwekea limau 6 mezani nikamwambia azihesabu. Alifika 9, aliporudia, akafika 5. Je, ana tatizo? Mzazi, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Hana tatizo lolote, ndugu yangu. Anachokijua ni wimbo wa namba, na wimbo huo unakwenda mbio kuliko kidole chake. Kinachobaki ni kuufunga wimbo kwenye vitu, namba moja kwa kitu kimoja.

Tafuta trei ya mayai. Trei nzima ina vishimo 30. Ikate upate kipande chenye safu mbili za vishimo vitano vitano. Mpe kokoto, na kila kokoto inapoangukia kishimoni ndipo aseme namba, si kabla. Akimaliza, muulize, "Ziko ngapi?" Mara nyingi mtoto huanza kuhesabu upya tangu moja, kwa sababu bado hajajua kuwa namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jibu. Usimkatize wala usimtajie. Baada ya siku kadhaa za mchezo huohuo atakujibu bila kurudia, na hapo uzimwage kokoto sakafuni, uzitawanye, umuulize tena. Akisema zimeongezeka kwa sababu zimeenea, mwachie ahesabu mwenyewe.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni zizi. Mfinyangie, au bora zaidi afinyange mwenyewe, ng'ombe watano wa udongo, na vijiti viwe boma. Ng'ombe wawili wametoka kwenda malishoni: zizini wamebaki wangapi? Mmoja amezaa: sasa wako wangapi? Wote wametoka: zizi ni tupu, na hiyo ndiyo sifuri, ambayo watoto wengi huiona kama yai lililoandikwa ubaoni tu. Muda wote mwache aseme kwa upatanisho sahihi, ng'ombe wawili, vizibo viwili, mawe mawili. Atashangaa kuona kwamba sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ilhali nane inabadilika. Ishirini na zaidi zisubiri hadi kumi ikae sawasawa.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Ninalea mjukuu wangu wa miaka 5. Amepewa daftari ajaze kurasa za herufi, a mpaka z. Mkono unamuuma, analia, na b anaigeuza kuwa d. Nimsaidieje? Bibi, Mpwapwa.

JIBU: Shikamoo, mama. Kalamu na ipumzike kidogo. Kugeuza b na d ni jambo la kawaida kabisa katika umri huo, na kumchapa au kumkemea hakusaidii. Chukua sinia, tandaza mchanga mkavu, aandike kwa kidole herufi kubwa kama kiganja chake huku akitoa sauti yake. Akikosea, anatikisa sinia na kosa limefutika. Kwa b, aanze na mstari wa kushuka ndipo afuatishe tumbo; kwa d, aanze na tumbo ndipo afuate mstari. Mfundishe mojawapo kwanza, na nyingine ije baada ya wiki kadhaa.

Wala zisifuatane a mpaka z. Mpe irabu a, e, i, o, u, kisha m, k na t. Kwa herufi hizo nane tu ataweza kusoma mama, kuku, kiti, moto, mkeka, mkate na tikiti, maneno ya vitu anavyoviona kila siku. Zikate kwenye boksi gumu, uweke m kando ya a, aisome ma. Ongeza nyingine, mama. Herufi m aitamke kwa mdomo uliofungwa, "mmm", asiseme "ema" wala "me", la sivyo hataweza kuiunganisha na irabu. Herufi q na x hazina kazi katika maneno yetu, na c hutumika pamoja na h tu, kwa hiyo kurasa za herufi hizo asijaze kwa sasa. Sauti kama th, dh na gh zije mwisho kabisa. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinatosha. Akianza kuchezea mchanga badala ya kuandika, mwachie acheze, kesho mtaendelea.