Slaimu inakatika badala ya kuvutika

Pole, dada. Kama slaimu ya mwanao, ile ute mzito wa kuchezea unaovutika, inakatika vipande akiivuta, boraksi (ile poda nyeupe ya kusafishia) imezidi. Boraksi ndiyo inayofunga minyororo ya molekuli za gundi pamoja. Ikizidi, inakaza mno. Usiitupe slaimu hiyo! Iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika moja, kisha ikande na losheni kidogo ya mikono mpaka ilegee.

Siku nyingine, yeyusha kijiko 1 cha chai cha boraksi kwenye kikombe cha maji ya moto, yapoe, halafu yatie kwenye gundi nyeupe ya PVA kidogo kidogo. Koma wakati slaimu bado inanata vidoleni, kwani kukanda kutamalizia. Na ivutwe polepole; ukiishtua, hata iliyo nzuri hukatika.

Boraksi uichanganye wewe mwenyewe, tafadhali, na mtoto asiitie slaimu mdomoni.