Mtu Mwema Asiyechosha

Mliuliza wiki hii: ni mwigizaji gani wa nchi za mbali ambaye vijana wetu wa jukwaani wangefaidika kumtazama? Wangu ni Mrusi, Innokenty Smoktunovsky, na sababu ni moja: alijua kuigiza wema. Ujambazi humnogea kila mtu. Mpe kijana nafasi ya muuaji, atakunja uso na nusu ya kazi imekwisha. Mpe nafasi ya mtu mwema uone anavyohangaika, hadi mwishowe anabaki kulialia tu, kama tunavyoonyeshwa kila jioni kwenye tamthilia za runinga.

Smoktunovsky alizaliwa 1925 katika kijiji cha Siberia, akakulia Krasnoyarsk. Vita vikamchukua angali kijana. Alipigana Kursk, na mwishoni mwa 1943 akatekwa na Wajerumani huko Ukraine. Baada ya wiki kadhaa akatoroka, familia moja ya huko ikamficha, akaingia kwa wapiganaji wa msituni, kisha akarudi jeshini na kufika Ujerumani. Ungedhani angepokewa kwa vifijo. Lakini chini ya Stalin, aliyewahi kuwa mateka alitiliwa shaka, na miji mingi mikubwa hakuruhusiwa kuishi. Mwaka 1946 akaenda kuigiza Norilsk, kaskazini kabisa, mji uliojengwa kwa jasho la wafungwa. Baadaye Makhachkala, halafu Stalingrad. Karibu miaka kumi alizunguka kumbi za pembezoni, jina lake halijulikani.

Mlango ulifunguka Leningrad, 1957. Mwongozaji Georgy Tovstonogov alikuwa amemwona katika filamu moja ya vita, na macho yake hayakumtoka akilini. Akampa nafasi ya Mwanamfalme Myshkin, katika mchezo uliotokana na riwaya ya Dostoevsky. Nafasi hiyo ni mtego. Myshkin hana hila, hana kisasi, watu wanamwona punguani. Mwigizaji atashika wapi? Mazoezi yalimwelemea. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, katikati ya zogo la studio ya filamu, alimwona mtu amesimama anasoma kitabu, hana habari na wanaompita. Akaambiwa kwamba yule alifungwa kambini miaka mingi. Hapo akampata Myshkin wake: mtu aliyekwisha kuteseka, ambaye kelele za dunia hazimbabaishi tena. Tiketi za mchezo ule zikawa za kugombaniwa.

Wengi humtaja kwa Hamlet ya Grigori Kozintsev, filamu ya 1964 iliyotumia tafsiri ya Boris Pasternak na muziki wa Shostakovich. Ilimpa Tuzo ya Lenin mwaka uliofuata. Sibishi, ni kazi kubwa. Ila mimi moyo wangu uko kwa Detochkin.

Huyo ni wakala wa bima katika kichekesho cha Eldar Ryazanov cha 1966. Anaiba magari ya wala rushwa na walanguzi, anayauza, na fedha anazipeleka kwenye vituo vya watoto yatima. Ni mwizi, na ni mtu safi kuliko wote katika filamu ile. Smoktunovsky hamchekeshi kwa vituko. Detochkin yuko makini kabisa katika kila analofanya, na hapo ndipo unapovunjika mbavu. Jioni huigiza Hamlet katika kikundi cha wapenzi wa maigizo, na mpelelezi anayemsaka yumo humohumo kikundini! Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa kawaida hulipita: askari wa barabarani anayemfukuza kwa pikipiki ni Georgy Zhzhonov, ambaye naye alifungwa enzi za Stalin na aliwahi kuigiza pamoja na Smoktunovsky kule Norilsk. Tazama tena mbio zile ukijua hilo.

Mpelelezi yule aliigizwa na Oleg Yefremov, ambaye baadaye, akiwa mkuu wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow, alimwongoza Smoktunovsky katika *Ivanov* ya Chekhov, 1976. Kabla ya hapo Smoktunovsky alikuwa Tsar Fyodor katika Ukumbi wa Maly, mfalme mpole kupita kiasi kwa kiti alichokalia. Alifariki 1994.

Kwa hiyo vijana waanze na Detochkin, Hamlet ifuate. Kisha wamtazame akiwa Porfiry, mpelelezi wa *Uhalifu na Adhabu* ya 1970: sauti ni ileile ya upole, ila safari hii inaogopesha.