Albamu ya babu rubani: usibandue picha kwanza

Ndugu, umeuliza ufanyeje na albamu ya marehemu babu yako, aliyekuwa akirusha ndege ndogo kwenye viwanja vya vumbi huko Turkana na Marsabit, maana picha zimegandana na kurasa. Acha kuzivuta. Zipige picha humohumo, kivulini penye mwanga wa kutosha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Ile nailoni inayofunika ukurasa ifunue polepole, ndiyo inayoleta mng'ao. Ukilazimika kutoa moja, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake, ikigoma, iache.

Utamu uko ubavuni mwa ndege. Kuza picha usome herufi za usajili. Zikianza na VP-K ni Kenya ya mkoloni. 5Y ni baada ya uhuru. VR-T ni Tanganyika ya Mwingereza, 5H ni Tanzania. Hapo umeshapata kipindi hata kama nyuma hapakuandikwa kitu. Na likipatikana daftari lake la safari za ndege, umelamba dume: lina tarehe, namba ya ndege, alikotoka na alikotua. Unalinganisha tu.

Kwa picha zilizotoka, maelezo yaandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, si kwa kalamu ya wino. Bibi mpelekee nakala zilizochapwa kubwa, umrekodi akizungumza. Usimuulize tu aliyemo pichani. Muulize pia nani alishika kamera. Albamu yenyewe usiirudishe juu ya kabati chini ya bati, joto litaimaliza.